Juu ya Vitu Vipatanavyo na Visivyopatana Ndani ya Mtambo wa Baridi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa wanachama, Mwananyamala.)



Mwandishi wa chama chetu aliponiomba niseme neno mbele yenu, yamkini wengi walitazamia kwamba nitasema juu ya mishahara, au likizo, au kupandishwa vyeo, maana hayo ndiyo mazungumzo yetu ya desturi. Kunradhi, leo nataka kusema juu ya friji. Mtacheka, nami siwazuii. Walakini nina deni katika jambo hili, na deni lenyewe nitalieleza kabla sijakaa kitako. Tena sidhani kama yuko miongoni mwetu asiyehusika. Aliye na friji nyumbani ana shughuli nayo. Asiye nayo hununua barafu kwa jirani, au samaki waliolala katika jokofu la mtu mwingine. Na sisi makarani zaidi ya wote, kwani ndio tuandikao hati za kuomba vifaa vya mitambo ambayo hatujapata kuiona ndani yake.

Mambo yalikuwa hivi. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mimi nilikuwa karani wa manunuzi. Palikuwa na chumba cha baridi cha kuwekea vyakula, na mtambo wake ukaanza kupungukiwa nguvu. Akaitwa fundi wa kibarua, mtu wa hapa hapa Mwananyamala, aliyenipita kwa umri miaka kama ishirini. Hana cheti cha shule, ila mikono yake yaijua kazi. Akautazama mtambo, akapata tundu gesi ilipokuwa ikitokea, akaliziba. Kisha akamwaga mafuta ya kompresa, yakatoka meusi kama kahawa. Akaniambia kwa kinywa kwamba yatakiwa gesi R134a, na mafuta ya kompresa ya jinsi ipatanayo na gesi hiyo. Nami nikaandika: “Gesi R134a, mtungi 1. Mafuta ya friji, kopo 1.” Nilifundishwa kwamba hati njema ni hati fupi.

Akapewa kazi mwuzaji aliyetaja bei ya chini kuliko wenzake, kama kanuni zisemavyo. Vitu vilipofika, fundi aliligeuza lile kopo mikononi mwake, akasoma, akaja hata mezani pangu akasema, “Bwana Karani, mafuta haya siyo.” Nikamjibu, “Fundi, mafuta ni mafuta. Hati imekwisha pigwa mhuri.” Akasimama kidogo, akaenda zake akayatia, kwa kuwa mtu wa kibarua hana pa kupeleka shauri lake.

Haikutimia miezi mitatu mtambo ukaanza kupiga kelele, kisha ukakwama kabisa usiku wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango, harufu ilitosha kutueleza habari zote. Pakafanywa uchunguzi. Ikasemwa kwamba fundi hana elimu, ameharibu mali. Akazuiliwa sehemu ya ujira wake iliyokuwa imebaki, na jina lake likaandikwa asiitwe tena. Nami niliulizwa kama nina neno. Nikasema sina.

Basi hilo ndilo deni. Sasa nitaeleza kwa nini mafuta si mafuta tu, maana bila ya kuelewa hayo hamtajua ukubwa wa kosa langu, na yamkini nanyi mtalifanya.

Friji haitengenezi baridi. Huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Mchukuzi wake ni gesi. Kompresa huibana gesi hata ikawa moto; gesi hiyo hupita katika mabomba ya nyuma, ikatoa joto lake, ikawa maji; maji hayo hupenya katika kijibomba chembamba sana, yakafika mahali penye nafasi, yakageuka kuwa gesi tena, na katika kugeuka huko hunyang’anya joto la chumba. Kisha gesi hurudi kwa kompresa, na safari huanza upya. Katika friji ya nyumbani, lile kopo jeusi lililo nyuma limefunika mota na pampu pamoja, vyote vimezama katika gesi na mafuta. Humo mna nyuzi za shaba zilizopakwa vanishi, mna chuma cha pistoni, mna alumini, mna plastiki. Katika mitambo mikubwa, kama ule wa ofisi yetu, zipo na pete za mpira za kuzuia kuvuja. Ni mfano wa abiria waliotiwa katika jahazi moja na mlango ukafungwa kwa miaka kumi au ishirini, katika joto kali na kubanwa kwingi. Kama hawapatani, hapana pa kukimbilia.

Zamani, kabla ya mwaka 1930, gesi za friji zilikuwa za hatari: amonia, gesi ya kiberiti, na kloridi ya methili. Mwaka 1928 Thomas Midgley wa Marekani pamoja na wenzake walipata gesi tuliyokuja kuiita R12, isiyowaka wala kunuka. Na mwaka 1930 aliivuta kifuani mbele ya mkutano wa wanakemia, akaipulizia mshumaa ukazimika. R12 ilikuwa abiria mwema. Ilipatana na shaba, na chuma, na alumini, na tena iliyeyukana na mafuta ya kawaida yatokanayo na petroli, ambayo mafundi huyaita oili ya madini. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mafundi wa dunia nzima hawakuwa na sababu ya kuuliza ni mafuta gani. Jibu lilikuwa moja.

Lakini R12 ina klorini, na mwaka 1974 wataalamu Molina na Rowland walionyesha kwamba klorini hiyo ikipanda juu huila ozoni inayotukinga na miali mikali ya jua. Mapatano ya Montreal yakatiwa sahihi mwaka 1987, Tanzania ikaingia mwaka 1993, na kwa nchi za jinsi yetu R12 ikakoma kutengenezwa na kuagizwa tangu mwaka 2010. Mahali pake ikaja R134a, isiyo na klorini. Mtu akiipima katika joto la mchana wa Dar es Salaam, yaani digrii 30, ataona mshale wa saa ya kupimia umesimama karibu na pauni 97, na R12 ilikuwa karibu na 93. Kwa hiyo walionekana kuwa ndugu. Si ndugu.

R134a haiyeyukani na oili ya madini. Jambo hili ndilo lililoua mtambo wetu, nami nawaomba mlisikie vema. Kila mara kompresa isukumapo gesi, huponyoka nayo matone ya mafuta. Hilo halina budi. Kama mafuta na gesi vyapatana, mafuta yatazunguka mabombani yakiwa yameyeyukana na gesi, na yatarudi nyumbani. Kama havipatani, mafuta yatafika penye baridi, yatakuwa mazito kama asali ya asubuhi, yatashikamana na kuta za bomba na kubaki huko. Kila siku hutoka kidogo na hakuna kirudicho. Mwisho kompresa hubaki kavu, chuma chasaga chuma, nayo hufa. Wakati huo huo mabomba ya baridi yamepakwa mafuta ndani, hayawezi kupokea joto vizuri, na mwenye friji husema, “Gesi imepungua,” akaongezewa gesi isiyohitajiwa.

Ndiyo maana R134a hutaka mafuta ya jinsi nyingine. Yaliyo mengi katika friji na vyumba vya baridi huitwa esta, na kwenye kopo huandikwa POE. Katika magari hutumika jinsi nyingine tena, iitwayo PAG. Wale waliosoma kemia shuleni watakumbuka kwamba esta huzaliwa kwa tindikali na alkoholi kukutana, na katika kukutana huko maji hutoka. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alituandikia jambo hilo ubaoni kwa mshale wenye ncha mbili, nasi tulinakili bila ya kuuliza ncha ya pili yakusudia nini. Sasa nimejua: maji yakiingia, esta hurudi ilikotoka, ikawa tindikali na alkoholi.

Na hapa, mabwana, pana ubaya mwingine. Oili ya madini haipendi maji. Bali esta huyanywa kutoka hewani kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Katika mji kama huu wetu, penye unyevu wa bahari mwaka mzima, kopo la POE lililofunguliwa na kuachwa huanza kuharibika mara ile ile, na hata chupa ya plastiki iliyofungwa haiaminiki, kwani unyevu hupenya plastiki; ndiyo maana makopo yake desturi huwa ya bati.

Hilo nalo nilijifunza kwa aibu. Baada ya kufa mtambo wa kwanza, akaletwa fundi mwingine na kompresa mpya, na safari hii mafuta yaliandikwa sawasawa. Nusu ya kopo ikabaki. Mimi, kwa uwekevu wa karani mwema, nililifunika kwa gazeti na kamba nikaliweka rafuni. Na miezi ilipopita akaja yule fundi wa pili kwa matengenezo, nikampa kwa fahari. Akalitazama gazeti, akanitazama na mimi, akasema, “Haya ni ya kumwaga.” Nikauliza kwa nini, akasema hana wakati wa kunifundisha. Usiku ule sikulala vizuri. Nilianza kuona kwamba yule fundi wa kwanza alisoma kitu juu ya kopo ambacho mimi, mwenye cheti, sikujua hata kama chasomeka.

Nikaenda kumtafuta. Kibanda chake ki katika uchochoro, nje pamepangwa friji mfano wa makaburi, na kuku hulala juu yake. Nikamwambia, “Shikamoo, Fundi.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akanipa kigoda kana kwamba hapakupita neno baina yetu. Nilipomweleza kilichonileta hakusema kitu. Akainuka, akaleta kompresa iliyopasuliwa katikati kama dafu. Akanionyesha chuma cha ndani, mahali penye kusuguana. Palikuwa pamepakwa rangi nyekundu ing’aayo, na hiyo rangi ilikuwa shaba tupu.

“Nani ameipaka?” nikauliza.

“Maji,” akasema.

Maana yake ni hii. Maji yaliingia, mafuta yakazaa tindikali, tindikali ikala mabomba ya shaba kidogo kidogo, shaba ikasafiri ndani ya mafuta, na ilipofika penye chuma chenye joto kali ikajipaka huko. Tabaka hilo ni jembamba mno, lakini nafasi ya pistoni nayo ni nyembamba mno. Ikibana, basi. Tena tindikali hiyo hiyo hula vanishi ya nyuzi za mota, na siku moja umeme hupita pasipo njia, mota ikaungua. Ukiikata kompresa ya namna hiyo utanusa ukali ambao hutausahau.

Maji yana uovu mwingine ulio wepesi kutambulika. Hufika kwenye mlango wa kile kijibomba chembamba, yakaganda, yakaziba njia. Friji ikaacha kufanya kazi, ikapata joto, barafu ikayeyuka, ikafanya kazi tena. Mwenye nyumba hudhani umeme ndio wenye kigeugeu. Kwa ajili hiyo mna kichujio chenye punje zinywazo maji, na kila mara mtambo ufunguliwapo sharti kitiwe kipya. Na kile kilichotengenezwa kwa R12 hakifai kwa R134a, ingawa kwa nje vyafanana.

Na kabla ya kutia gesi, sharti hewa yote ivutwe kwa pampu. Fundi wangu ana pampu hiyo, ya mkono wa pili, aliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Mafundi wengi wa vichochoroni hawana. Hutia gesi kidogo ili isukume hewa nje, wakaridhika. Kazi ya pampu si kuondoa hewa tu. Mgandamizo wa hewa ukipunguzwa hata ukabaki kama sehemu 1 kati ya 24, maji huchemka kwa joto la digrii 30, yaani joto la mchana wa hapa petu, yakageuka mvuke na kutoka. Gesi ya kusukumia haiwezi kuyatoa maji yaliyojificha ndani ya mafuta.

Juu ya mpira sitasema mengi. Mpira wa asili huvimba katika oili ya madini, kwa hiyo hautumiki. Yako mpira ya kutengenezwa ya namna nyingi, na kila namna ina rafiki zake. Pete ifaayo kwa R134a yaweza kuvimba vibaya katika R22. Na ajabu ni hii: pete iliyokaa miaka katika R22 na oili ya madini imekwisha vimba kidogo na kuzoea, nayo yaziba vema, ukibadili gesi na mafuta hunywea, na mtambo ambao haukuvuja maisha yake yote huanza kuvuja wiki ile ile. Fundi hulaumiwa kwamba amelegeza kitu. Kumbe kosa lake ni kutobadili pete.

Jambo hili latuhusu sana sasa, kwani R22 nayo ina klorini na inaondolewa. Kwa nchi zetu, kiasi chake kimetakiwa kipunguzwe sehemu 67.5 katika mia mwaka 2025, na mwaka 2030 iondolewe, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mitambo ya zamani. Na katika mkutano wa Kigali, Oktoba 2016, ilikubaliwa kwamba hata R134a na jamaa zake zipunguzwe, kwa kuwa ingawa haziharibu ozoni, huongeza joto la dunia. Basi majina yatazidi kuwa mengi, na makopo yatazidi kufanana.

Friji nyingi mpya za nyumbani zimeandikwa R600a. Hiyo ni isobuteni, gesi iwakayo, lakini hutiwa kidogo mno, mara nyingi makumi ya gramu tu, nayo hupatana na oili ya madini kama R12 ilivyopatana. Kwa sababu hiyo umetokea uvumi mbaya. Watu husema, “Kumbe gesi ya friji ni ile ile ya jikoni,” wakatia gesi ya mtungi wa kupikia. Si ile ile. Gesi ya jikoni ni mchanganyiko, haikukaushwa maji yake kwa ajili ya friji, na imetiwa makusudi harufu yenye kiberiti ili ikivuja tujue. Na kiberiti na shaba ni maadui wa zamani. Tena friji iliyotengenezwa kwa R134a ina swichi zitoazo cheche, kwa kuwa waliyoitengeneza walijua gesi yake haiwaki. Mtu akiitia gesi ya jikoni, na ikavuja usiku ndani ya sanduku lililofungwa, asubuhi mama wa nyumba atafungua mlango na taa itawaka.

Katika viwanda vikubwa vya barafu na vya samaki bado amonia yatawala, na haina ubaya na ozoni. Harufu yake mmekwisha kuinusa katika vyoo vya stendi. Amonia haipatani na shaba nyekundu wala ya manjano: palipo na unyevu huila, ikaacha rangi ya buluu, na shaba ya manjano hupasuka nyufa. Kwa hiyo mabomba yake ni ya chuma. Karani aandikaye “koki 1” bila ya kusema ya chuma, akaletewa ya shaba ya manjano kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ameandika hati ya kuwavujishia watu amonia. Sisemi zaidi.

Lakini iko habari moja ambayo nataka mwende nayo nyumbani, maana ndani yake watu walikufa. Mwaka 2011 makasha ya baridi, yale makubwa yachukuliwayo na meli kwa kupakia nyama na samaki na matunda, yalilipuka wakati wa kutengenezwa, huko Vietnam na Brazil. Watu watatu wakafa. Ilionekana kwamba makasha hayo yaliwahi kutengenezwa Vietnam na kutiwa gesi iliyoitwa R134a, lakini ndani ya mitungi ile mlikuwa na gesi ya uongo, iliyochanganywa na kloridi ya methili, yaani ile gesi ya zamani niliyoitaja, kwa kuwa ni ya bei ndogo. Na kloridi ya methili na alumini hawapaswi kukutana kamwe. Hukaa pamoja kimya, wakazaa kioevu ambacho kikiguswa na hewa tu huwaka chenyewe, bila ya kiberiti wala cheche. Kompresa za makasha zina alumini. Mtu alikuja na spana yake, akafungua nati kama alivyofungua maelfu, na hewa ikaingia. Baada ya hayo makasha mengi yaliwekwa kando katika bandari za dunia hata yapimwe. Bandari yetu hupokea makasha ya jinsi hiyo.

Mtu ataijuaje gesi ya uongo? Rangi ya mtungi si ushahidi, kwani rangi yanunuliwa dukani. Mshale wa saa hufaa kidogo: weka mtungi kivulini mpaka upate joto la hewa, kisha pima, ukiona kwa digrii 30 mshale umefika 158, hiyo ni R22 katika nguo ya mwenzake. Ila walaghai wa makasha walichanganya hata mshale ukasema wapendavyo. Kipimo kizuri cha kale ni taa ya mafundi yenye kipande cha shaba: klorini ikipita katika mwali wake, mwali huwa kijani. R134a safi haina klorini, basi mwali usibadilike. Ukibadilika, usiitie, wala usikae karibu. Taa hiyo isisogezwe kabisa penye gesi iwakayo, wala penye mtungi usioaminika katika chumba kilichofungwa.

Na kwa ajili ya mabibi waliokaa nyuma wakitikisa vichwa tangu nilipotaja jokofu, neno moja la nyumbani. Sahani ya baridi katika majokofu mengi ni alumini, laini kama ngozi ya embe, na hapo iungwapo na bomba la shaba ndipo udhaifu wake. Madini haya mawili yakilowa pamoja, hasa kwa maji ya chumvi, alumini huliwa. Kwa hiyo samaki mwenye chumvi asitiririke humo, kifuniko cha kiungo kisivuliwe, na barafu isibanduliwe kwa kisu. Fundi wangu asema visu vimempa kazi kuliko gesi zote.

Sasa narudi kwa hati. Siku hizi siandiki tena “mafuta ya friji”. Naandika: “Mafuta ya kompresa, jinsi ya POE, uzito wa namba iliyoandikwa juu ya kompresa” (nami huenda mwenyewe kuisoma) “kwa gesi R134a, kopo la bati lisilofunguliwa, dogo kadiri ya kazi moja; jinsi nyingine yoyote haitapokelewa.” Mkubwa wangu wa sasa alinung’unika kwamba ni maneno mengi, na kwamba makopo madogo yana bei zaidi kwa kila lita. Nikamwonyesha bei ya kompresa. Kadhalika nimeongeza chini ya hati nafasi ya sahihi ya fundi, athibitishe kwamba kilicholetwa ndicho alichoomba, kabla mhuri haujapigwa. Wenzangu wawili wamesema nimempa kibarua mamlaka juu ya karani. Ndivyo nilivyofanya.

Siku ile kibandani, nilipokwisha kutazama ile shaba, nilimwambia Fundi kwamba niliulizwa katika uchunguzi nikasema sina neno. Akasema, “Nilijua. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha.” Kisha akanywa chai yake. Mwanawe wa mwisho aliacha masomo muhula ule, kwa sababu ya ujira uliozuiliwa. Hilo hakunieleza yeye, nililisikia kwa jirani.

Bwana Mwenyekiti, nimeiandikia ofisi ile barua. Ndani yake nimetaja tarehe ya hati yangu, na maneno niliyoyaandika, na maneno fundi aliyoniambia mezani pangu kabla hajatia mafuta, na jibu nililompa. Nimeomba jina lake lifutwe katika orodha ya wasioitwa, na ujira wake ulipwe. Na kama ofisi itaona hasara yapasa ilipwe na mtu, anwani yangu iko juu ya barua. Wako waliokwisha nionya kwamba nitajiharibia katika kumbukumbu zangu za kazi, nami sijui watakavyoamua. Nakala moja nimemkabidhi Mwandishi wa chama leo. Nyingine nitampelekea Fundi kesho jioni baada ya kazi, niisome mbele yake, kwa kuwa imeandikwa kwa lugha ya ofisini. Sasa wenye maswali na waulize. Yale ya friji nitajibu niwezayo, na yanishindayo nitayabeba hata kibandani.